Kadi ya siku nne na mkondo wa Pemba

SWALI: Asalaam alaykum. Nafanya kazi kwenye boti ya watalii hapa Nungwi. Kila wiki naona wageni wanasomea kuzamia kwa mitungi, siku ya nne wana kadi ya kushuka mita 18. Nami nataka kusoma. Masharti ya kozi hizi ni makali kweli, au ni biashara tu? – Msomaji, Nungwi

JIBU: Waalaykum salaam. Masharti yapo, lakini ni ya chini kabisa, na wengi huyageuza kuwa ndiyo mwisho. Kozi ya kwanza ya PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, inadai uogelee mita 200 bila kituo, uelee dakika 10, uonyeshe ujuzi kama kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena, kisha uzame baharini mara 4. Kadi haina tarehe ya kwisha. Aliyeipata miaka kumi nyuma na hajalowa tangu hapo anaionyesha kaunta, anapanda boti.

Kinachopwaya zaidi ni uzito. Mwalimu mwenye haraka humfunga mwanafunzi vyuma vingi ili apige magoti mchangani atulie. Mwanafunzi hujaza hewa kwenye jaketi lake la kuelea ili asizame mno. Akianza kupanda hewa ile inatanuka, naye anafyatuka juu kama kifuu. Jipime hivi: mtungi ubaki na baa 50 (kipimo cha shinikizo la hewa), jaketi tupu, pumzi ya kawaida, maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame polepole. Ukijipima na mtungi uliojaa, ongeza kilo 2, maana hewa utakayotumia nayo ina uzito.

Na kama umezoea kuzamia pweza kwa pumzi moja, tabia ya kubana pumzi iache ufukweni. Hewa iliyovutwa mita 10 huwa maradufu ikifika juu. Pafu lililojaa na kufungwa laweza kupasuka hata kwa kupanda mita 2.

Kabla hujalipa, uliza darasa lina wanafunzi wangapi. Baharini mwalimu mmoja anaruhusiwa 8. Sisi tungekataa zaidi ya 4. Muulize mwalimu naye amezama mara ngapi, maana ualimu unaweza kupatikana kwa mizamo 100, miezi sita tu baada ya kadi ya kwanza.

SWALI: Mgeni wangu ana kadi ya pili, ile ya “Advanced”. Nimpeleke mlango wa Njao, kwenye mkondo? – Nahodha, Pemba

JIBU: Jina hilo linadanganya. Kozi yake ni mizamo 5, kwa hiyo mtu aliyezama mara 9 tu maishani huruhusiwa mita 30. Tazama daftari lake la mizamo, si kadi. Kisha piga hesabu: mtungi wa lita 11 wenye baa 200, ukiacha 50 za akiba, unatoa lita 1,650. Mgeni mwenye wasiwasi huvuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Shinikizo la kina huzidisha matumizi: mita 18 ni lita 56, mita 30 ni lita 80. Ina maana dakika 29 kule, 20 huku, na bado hajapambana na mkondo. Akipambana, zinapungua sana.

Mwanzie kisiwa cha Misali, siku za maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, boti ikimfuata. Bamvua, maji yanapojaa na kutoka kwa nguvu, mwachie mwenye mizamo ya kutosha ya mkondo. Kila mtu awe na boya lake la kupuliza na alifungue mara moja mbele yako kabla ya kushuka: wengi wanalo mfukoni, hawajawahi kulifungua.

SWALI: Baada ya kuzama, nakaa muda gani kabla ya kupanda ndege kwenda Dar? – Msomaji, Chake Chake

JIBU: Mzamo mmoja, saa 12. Ukizama mara kadhaa au siku mfululizo, saa 18. Au panda boti.