Unakwenda COP? Shika ajenda moja

Kila ifikapo Septemba, vijana wa asasi mbalimbali hunitumia ujumbe: tumepata beji za uangalizi za COP, mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa wa kila mwaka, tujiandaeje? Nawajibu wote hivi: chagua ajenda moja, uishike mpaka mwisho. Vikao vingi huenda kwa wakati mmoja. Anayetaka kufuatilia fedha, kilimo, jinsia na biashara ya kaboni kwa pamoja atashinda akikimbia kwenye korido, na jioni hana cha kuwaambia waliomtuma.

Mimi nilichagua kuhimili athari za mabadiliko ya tabianchi, kwa sababu nafanya kazi na wakulima wa Pangani, ambako maji ya chumvi yanapanda mtoni na kuharibu mashamba. Ukishachagua, usome Mkataba wa Paris wa 2015 wenyewe, usiishie kwenye muhtasari. Una vifungu 29 tu. Kuhimili ni cha 7, hasara na uharibifu ni cha 8, fedha ni cha 9. Halafu tafuta uamuzi wa mwaka jana kuhusu ajenda yako, maana mazungumzo huanzia pale yalipoishia.

Jambo ambalo wengi hulichelewesha ni kuonana na wajumbe wa serikali. Tanzania haiingii mle peke yake: huzungumza kupitia Kundi la Afrika, G77 na China (muungano wa nchi zinazoendelea), na kundi la nchi zenye maendeleo duni. Ukisubiri kumkamata mjumbe ukumbini Novemba, msimamo wa Afrika umeshaandikwa. Nenda mapema Ofisi ya Makamu wa Rais, inayosimamia mazingira, ukiwa na karatasi ya ukurasa mmoja: kijiji gani, tatizo gani, na sentensi gani mnataka iingie kwenye msimamo huo. Na kama asasi ina nauli ya safari moja tu, fikirieni kwa dhati vikao vya Juni vya kuandaa COP, kule Bonn, Ujerumani. Watu ni wachache zaidi, na mjumbe anapata nafasi ya kukusikiliza.

Ndani ya chumba, maandishi huwa kwenye skrini, na maneno ambayo hayajakubaliwa yamewekwa kwenye mabano. Nimekaa viti vya nyuma nikitazama aya moja ya fedha za kuhimili: huyu anaomba mabano, yule anaomba yaondolewe, mwenyekiti anaangalia saa. Andika nani kaomba nini. Ujumbe wetu ni mdogo, mtu mmoja anahitajika vyumba vitatu kwa saa ileile, na maelezo yako yatamsaidia kweli. Wakisema waangalizi watoke, toka, kaa jirani na mlango.

Maneno hayo ya kwenye skrini ndiyo fedha za watu. Kwenye COP ya Baku, Azerbaijan, mwaka 2024, Afrika ilidai dola trilioni 1.3 kwa mwaka kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Lengo lililopitishwa ni dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Inaniuma hadi leo. Mkutano ule ulipangwa kufungwa Ijumaa, lakini uamuzi huo ulipitishwa alfajiri ya Jumapili, wakati ambapo baadhi ya wajumbe walikuwa wameshaondoka. Kwa hiyo kata tiketi ya kurudi Jumatatu, na utenge mapema hela ya malazi ya siku hizo za ziada.