Fred Winter, siku lijamu ilipokatika

Wiki hii mmeuliza: ni ushindi gani wa michezo unaoamini hautarudiwa tena? Mimi nautaja wa Juni 17, 1962, katika uwanja wa Auteuil, Paris. Mwingereza Fred Winter alimpanda Mandarin, farasi mwenye umbo dogo na umri wa miaka 11, kwenye mbio za kuruka vizuizi za zaidi ya kilomita sita. Mbio zilikuwa bado changa pale lijamu, kile kipande cha kinywani ambacho hatamu hufungwa kwacho, ilipokatika kinywani mwa farasi. Hatamu zikabaki mikononi mwa Winter zikiwa hazina kazi.

Mimi ni mtoto wa Lamu. Kwetu punda huongozwa kwa miguu na kifimbo, na hakuna anayeona ajabu. Lakini punda yule anabeba mchanga vichochoroni. Huyu alikuwa farasi wa mbio aliyekwisha kupamba moto, mbele yake nyua na mitaro ya maji, kwenye njia iliyojipinda kama tarakimu nane, ambapo ukikosa kona moja tu umeshatoka mashindanoni. Winter alimkatisha kona zote kwa magoti, mapaja na uzito wa mwili, na siku hiyo tumbo nalo lilikuwa likimsumbua. Mwishoni Mandarin akaumia kano ya mguu wa mbele. Akakaza vivyo hivyo, akamshinda farasi Lumino kwa tofauti ya kichwa.

Wapo watakaosema ilikuwa bahati. Nawakatalia kabisa. Winter alivunjika uti wa mgongo hata kazi hajaizoea, akakaa nje muda mrefu. Akarudi. Msimu wa 1952–53 alishinda mbio 121, rekodi kwa wapanda farasi wa kuruka nchini Uingereza wakati huo. Msimu uliofuata, mbio ya kwanza tu, akavunjika mguu na msimu wote ukampita. Akarudi tena, akawa bingwa misimu mitatu mfululizo, akatwaa Grand National, mbio maarufu ya kuruka vizuizi ya Uingereza, mwaka 1957 kwa farasi Sundew na mwaka 1962 kwa farasi Kilmore. Alipostaafu mwaka 1964 alikuwa na ushindi 923. Mwili uliomwongoza Mandarin pale Auteuil ulikuwa umefundishwa na miaka yote hiyo.

Na alasiri ileile, miguu ikiwa hoi, alipanda farasi mwingine, Beaver II, kwa mbio nyingine kubwa. Akashinda hiyo pia.