Serum au Minilogue? Pima kabla hujalipa

Ujumbe ulioingia wiki hii ni ule ule ambao maprodyuza wachanga huutuma, umebadilika jina tu: "Kaka, nina laptop ya GB 8 na hela kidogo nimeweka. Nichukue Serum au Minilogue?" Serum ni programu ya kulipia ya sinthesaiza, yaani chombo cha kutengeneza sauti kwa umeme; Minilogue ni sinthesaiza ya mezani ya Korg. Jibu fupi: kwa sasa, hata moja. Jibu refu ndilo hili.

Anza na Vital. Imetengenezwa na Matt Tytel, ilitoka mwaka 2020, na ni sinthesaiza ya wevutebo (majedwali ya mawimbi ambayo sauti hutokana nayo), aina ile ile ya Serum. Toleo la bure lina injini nzima. Ulichopunguziwa hasa ni preseti, yaani sauti zilizopangwa tayari, ambazo ni 75, na wevutebo, ambazo ni 25. Mtu akisema Vital ya bure haimtoshi, mwulize preseti ngapi ametengeneza mwenyewe. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Weka na Dexed, nayo ni bure. Inaiga kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983, operata 6 (vyanzo vya mawimbi) na algorithimu 32 (namna za kuviunganisha), na inasoma benki za sauti za DX7 zenyewe. Kengele, piano ya umeme na besi za kugonga, zichukue huko.

Ya tatu ni Surge XT, na hii wapenzi wa taarab waishike vizuri. Inapokea faili za skeli zenye mwisho wa .scl, kwa hiyo unaipata ile noti ya pili ya maqam ya Bayati, inayokaa karibu senti 150 (senti 100 ni nusu toni) juu ya noti ya msingi, katikati ya funguo mbili za kinanda cha kawaida. Ukiitafuta kwa gurudumu la kupinda pichi, noti zote zinazolia wakati huo hupinda pamoja na chodi inaharibika.

Sasa hiyo GB 8. Wengi hukimbilia kuongeza RAM, wakati sinthesaiza hula prosesa. RAM huliwa na programu zinazopakia rekodi za ala halisi, kama Kontakt. Piga hesabu: chodi ya noti 4 kwenye Vital, osileta 2 (vyanzo vya wimbi), kila osileta ina yunisoni ya 8, yaani nakala 8 za wimbi lake. Hayo ni mawimbi 64 yanayokokotolewa kwa pamoja. Rilizi (muda wa sauti kufifia baada ya kuachia funguo) ikiwa ndefu, chodi iliyopita bado inalia wakati mpya inaingia, basi ni 128, na hapo sauti huanza kukatikakatika. Shusha yunisoni hadi 3 au 4. Nenda ukurasa wa mwisho wa Vital, punguza ubora hadi 1x unapotunga, urudishe juu unapotoa wimbo. Chomeka chaja pia, maana laptop nyingi hupunguza mwendo wa prosesa zikiwa kwenye betri. Ukishamaliza sehemu, igeuze kuwa faili ya sauti na uizime plagini, yaani ile sinthesaiza ya ndani ya kompyuta.

Bufa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukitoa, nayo ina mambo yake. Sampuli 1024 kwa 44.1 kHz ni milisekunde 23 za kuchelewa. Sampuli 256 ni karibu 6. Kwa biti ya BPM 90 (mapigo 90 kwa dakika) unaweza kuzivumilia zile 23. Kwa singeli, ambako BPM 200 ni kawaida na wengine huipita mbali, noti moja ya kumi na sita (robo ya pigo) ina milisekunde 75 tu. Ukipoteza 23, umepoteza karibu theluthi yake, na kila unachopiga kwa mkono kinafika kimechelewa. Envelopu (namna sauti inavyopanda na kushuka) pia ikaze: ataki, yaani muda wa kupanda, chini ya milisekunde 5, rilizi isizidi 60, vinginevyo noti zinapandana na besi inakuwa tope. Preseti nyingi zimetengenezwa kwa miziki ya BPM 120 hivi. Si mbovu, zina mkia mrefu tu. Ukate.

Lini ununue ya mezani? Ukiweza kutaja unachokikosa bila kutaja jina la kampuni. "Nataka kugeuza filta (kichujio cha sauti) na rilizi kwa mikono miwili jukwaani" ni sababu. "Analogi ina joto" si sababu, ni maneno ya tangazo, na wanaoyarudia sana ndio ambao hawajawahi kugusa filta ya Surge.

Kabla ya kulipa, angalia una toleo gani la FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Fruity, toleo la bei ya chini kabisa, halirekodi sauti kutoka nje. Unahitaji Producer kwenda juu. Kuna watu wamefungua boksi la kinanda kipya ndipo wakagundua hilo. Kisha kadi ya sauti: ingiza kwenye tundu la lain (line), usiingize kwenye la maiki. Minilogue ya kwanza hutoa mono, waya mmoja unatosha. Volca, sinthesaiza ndogo za Korg, hutoa kupitia tundu la hedifoni la milimita 3.5, hivyo nunua waya unaogawanyika kwenda jeki mbili kubwa.

Ukisikia mvumo au mlio wa wadudu mara tu unapounganisha USB, usimlaumu fundi. Ardhi ya chaja ya laptop, waya wa USB na waya wa sauti vimefunga mzunguko. Chomoa chaja usikilize. Mlio ukinyamaza, acha USB utumie waya wa midi (hubeba maelezo ya noti, si sauti) wa pini 5, ambao ishara yake hupita kwa mwanga ndani ya kifaa bila umeme kugusana.

Adapta ndiyo inayoua vifaa. Volca na Minilogue zinataka 9V, ampea 1.7, chanya katikati. Adapta za pedali za Boss ni 9V pia, ila katikati kuna hasi. Soma mchoro mdogo ulio karibu na tundu. Pale umeme unapokatika hovyo, Volca hukubali betri 6 za AA, na MicroFreak, sinthesaiza ya Arturia, hula umeme wa USB.

Jambo linalosahaulika ni kumbukumbu. Minilogue huhifadhi programu 200, yaani sauti zilizopangwa. Behringer Model D, nyingine ya mezani, haihifadhi hata moja. Msanii akirudi mwezi ujao akitaka besi ibadilishwe kidogo, utairudisha kutoka wapi? Piga picha nobu zote, na urekodi noti za midi pamoja na sauti.

Ukinunua iliyotumika, nenda na hedifoni. Shika noti moja, fungua filta, zungusha kila nobu polepole mwanzo hadi mwisho. Mkwaruzo unaopotea baada ya kuzungusha mara kumi ni vumbi. Sauti inayorukaruka ni nobu iliyolika. Kwa Minilogue, piga noti 12 tofauti moja moja. Sauti zake 4 hupokezana, kwa hiyo kila pigo la nne likitoka limepinda, iache ipate moto kama robo saa, ijitune, urudie. Likibaki vile vile, sauti moja ina ugonjwa, na bei uliyotajiwa ni ya kinanda kizima.