Nyinyi mlioripoti kazini kaunti ya Kilifi, hapa Malindi, juzi, jueni mto kwanza

Jumanne iliyopita nimekaa kwenye benchi la nje nasubiri sahihi, nikamsikia kijana wetu mmoja wa atachimenti (mafunzo ya kazini), kijana mzuri tu, ana adabu zake, anamwambia mama aliyetoka ng'ambo ya daraja la mto Sabaki ati mambo ya shule ni ya serikali kuu kwa hivo arudi kwao akaonane na chifu. Mama ana mtoto mgongoni na barua mkononi. Barua yenyewe inahusu paa la chekechea lililoezuliwa na upepo. Chekechea jamani! Chekechea ni ya kaunti, iko kwenye Jedwali la Nne la Katiba, na kila mmoja wenu aliapa kwenye intavyu kwamba amelisoma. Nilimkimbilia yule mama getini anataka kupanda boda, nikamrudisha, nikampa kiti na maji, barua ikapigwa muhuri. Nauli ya kuja na kurudi kwake ni chakula cha jioni, na hilo ndilo linanifanya niandike haya, maanake huyu si wa kwanza, kila mwaka mnakuja wapya na kila mwaka ni makosa yale yale.

1. Jueni nani ni wa nani

Chifu, naibu wa chifu na DCC (naibu kamishna wa kaunti) hao ni serikali kuu. Wadi admini (msimamizi wa wadi) na MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti) ni kaunti. Gavana ofisi yake iko Kilifi mjini, lakini bunge la kaunti liko hapa hapa Malindi, kwa hivo ukiambiwa peleka hii bungeni usipande matatu ya Kilifi, kuna mwenzenu alipanda, kilomita kama sitini, akarudi magharibi na bahasha yake. Chekechea, zahanati, soko, takataka, pemiti ya biashara ni zetu. Praimari, polisi, kitambulisho na hati ya shamba si zetu. Barabara kubwa inayoenda Lamu si yetu, vile vichochoro vya mtaani ni vyetu. Andika kwenye karatasi, bandika ukutani mbele ya macho yako, usione haya.

Na hata kama jambo si letu, msimwambie mtu "si hapa" mkanyamaza. Mwambie ni wapi, mlango upi, aende na nini. Nyinyi mna simu, pigeni kule muulize kabla hajalipa nauli nyingine.

2. Mkivuka daraja mko Magarini

Sabkaunti ya Malindi ina wadi tano: Jilore, Kakuyuni, Ganda, Malindi Town na Shella. (Shella hii ni ya kwetu, ile ya Lamu ni nyingine, faili zishawahi kuchanganywa.) Ukitoka mjini ukashika njia ya Mambrui ukavuka daraja la Sabaki, hapo uko Magarini, wadi nyingine, MCA wengine, mbunge mwingine. Sasa shida ni kwamba watu wa ng'ambo hospitali yao ni Malindi, benki yao Malindi, soko lao Malindi, na ukimuuliza mtu "wewe ni wa wapi" atakujibu "wa Malindi" na hajakudanganya, ndivyo anavyoishi. Kwa hivo msiulize hivo. Ulizeni "unapiga kura wapi?" Hapo utapata jibu la kuandika kwenye fomu.

Mji huu watu wengi wanaujua kwa bahari. Mgeni akija anapelekwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama, anaambiwa 1498, anapiga picha, anasikia Kiitaliano cha vijana wa biashara ufukweni, anaona ameshaijua Malindi. Mimi pia nilikuja hivo. Lakini hii kazi yetu si ya bahari, hii kazi ni ya mto.

3. Mto

Huu mto unaanza huko bara kama Athi, unateremka Ukambani, ukikutana na mto Tsavo unaitwa Galana, unapita mbugani Tsavo Mashariki, ukifika kwetu ni Sabaki. Maji ya bomba mnayooga asubuhi yanatoka visima vya Baricho kandokando ya mto huu huu, na Mombasa nao wanayanywa. Ile bahari inayogeuka nyekundu kama chai ya rangi msimu wa mvua ni udongo wa mashamba ya watu wa juu huko, umebebwa njia nzima.

Kitu cha kushika ni kwamba Sabaki inajaa Malindi kukiwa na jua. Mvua inanyesha Machakos, inanyesha Kitui, nyinyi hapa mnaanika nguo, na maji yako njiani. Alafu tafadhalini, kila masika kuna mtu anasambaza meseji kwenye grupu ati bwawa la Masinga limefurika kwa hivo watu wa Sabaki wahame. Masinga iko mto Tana! Ikifurika ni Garsen na watu wa Tana Delta wanaopata shida, si sisi. Mkiwaogopesha watu kwa mto ambao si wao, siku ya mto wao hawatawasikia.

Hapa sasa nawaambia langu, na sijawahi kuliandika.

Ilikuwa masika ya 2018. Nilikuwa na miezi minne kazini, ofisi nisiyoitaja, nikapewa kazi ya kwenda kijiji kimoja ukingo wa kaskazini kutoa ilani ya mafuriko. Kijiji nacho sikitaji. Nilifurahi sana, ilikuwa mara yangu ya kwanza kutumwa peke yangu, na dereva, na kipaza sauti. Usiku nilikaa nikaipiga pasi shati na nikaitaipu ile ilani vizuri kwa Kiswahili cha ofisi, sentensi zimenyooka. Mkubwa wangu aliniambia kitu kimoja tu, pitia kwa mzee wa kijiji kwanza umwone kabla ya baraza. Sikupitia. Tulichelewa kwenye mafuta, jua lilikuwa linapanda, nikasema nitamwona pale pale.

Watu walikuwa wamekaa chini ya mwembe, wazee mbele kwenye viti na vigoda, kina mama na leso zao upande, watoto nyuma. Kuna mzee mmoja mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti, kofia imechakaa ukingoni mpaka nyuzi zinaning'inia, anaangalia karatasi yangu. Sikusalimia mmoja mmoja. Nilisema hamjambo wote, nikafungua karatasi, nikasoma. Sentensi ya kwanza naikumbuka mpaka leo neno kwa neno kwa sababu niliitunga mimi: "Serikali inawaamuru wakazi wote wa ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki kuhama mara moja."

Kimya. Yule mzee akasimama, akakung'uta kanzu yake vumbi polepole, akaondoka. Hakusema neno. Wazee wengine wakamfuata. Kina mama wakafunga leso wakafuata. Ndani ya dakika kumi nimebaki mimi na dereva na watoto wanaochezea waya wa kipaza sauti. Na mimi, wallahi, nilikasirika. Nilirudi ofisini nikaandika kwenye ripoti kwamba wananchi "hawakutoa ushirikiano". Niliandika hivo kwa mkono wangu.

Sasa nyinyi mlisoma historia shuleni kama mimi nilivyosoma. Mekatilili wa Menza mnamjua, yule mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, sanamu yake iko bustanini hapa mjini mnapita mkienda kula. 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo, wakachoma nyumba za Wagiriama, wakawaamuru watoke ukingo wa kaskazini wa Sabaki wahamie kusini, wayaache mashamba yao mazuri kuliko yote. Watu waliteseka miaka, baadaye wakaruhusiwa kurudi. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama zote. Na bado nilisimama mbele ya wajukuu wa watu hao, na karatasi ya serikali, nikawasomea amri ile ile, karibu kwa maneno yale yale, mto ule ule, ukingo ule ule. Babake yule mzee alivushwa akiwa mtoto mdogo. Haya niliyajua baadaye. Ningeyajua siku ile asubuhi kama ningepitia kwake kunywa chai.

Usiku wa tatu maji yakaja. Malindi hakukuwa na tone. Watu walipanda juu usiku wa manane wamebeba watoto, magodoro yamelowa, mbuzi wakachukuliwa, mahindi yaliyokuwa yamefika magotini yote yakaenda. Hakuna aliyekufa pale kijijini, na namshukuru Mungu kwa hilo kila nikikumbuka, lakini si kwa kazi yangu, ni kwa sababu kina mama wawili walisikia mto unabadilisha sauti wakaanza kugonga masufuria. Siku tatu nzima zilikuwepo za kutoa mbuzi na magunia ya nafaka kwenda juu. Siku tatu nilizipoteza kwa sentensi moja.

Nilirudi baada ya wiki na lori la msaada. Yule mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakausha mahindi machache juu ya turubai. Nikaenda, nikachuchumaa, nikamwambia baba, mimi ndiye niliyesoma ile karatasi, naomba radhi. Aliniangalia kwa muda. Akaniambia, "Mwanangu, ungesema maji yanakuja tungekusikia. Wewe ulisema serikali inakuja."

Siku hiyo nilikaa mpaka alasiri. Alinipeleka kwenye mkwaju ulio kwenye mwinuko, akanionyesha alama tatu kwenye gamba zilizochongwa kwa panga, moja juu ya nyingine, kila moja ni mafuriko aliyoyaona yeye mwenyewe. Ile ya juu ilikuwa bado mbichi, utomvu haujakauka. Ofisini tulikuwa na ramani ya rangi ya maeneo ya hatari na ule mkwaju haumo.

4. Mengine haraka haraka

Ijumaa msiite kikao kati ya saa sita na saa nane. Kijiji kikiwa na matanga, ahirisheni, msibishane.

Tarehe za bajeti si za kukumbushwa: mpango wa mwaka tarehe 1 Septemba, CFSP (taarifa ya sera ya fedha ya kaunti) mwisho wa Februari, makadirio 30 Aprili, mwaka mpya wa pesa 1 Julai. Ukiwaita watu watoe maoni tarehe 28 Aprili, umewaita waje washuhudie, si kutoa maoni.

Ilani isiwe ya WhatsApp peke yake. Msikitini, kanisani, kwa wauza samaki, kwenye steji ya boda. Boda wakishajua, mji wote umejua.

Mkalimani wa Kigiriama mlipeni na mpeni karatasi siku moja kabla, si pale pale jukwaani mnamsukumia maiki. Mimi ningempa mtu karatasi yangu siku moja kabla, angeniambia toa hilo neno "amuru". Nimerudi kule kule tena, najua, lakini kila nikianza kuandika ushauri mwingine narudi pale chini ya mwembe.

5. Ripoti

Msiandike "wananchi hawakutoa ushirikiano". Nikiiona kwenye rasimu nitairudisha, na nitawauliza mlifika saa ngapi, mlikunywa chai kwa nani, na ni nani aliyezungumza kwanza. Kama hamna majibu ya hayo matatu rudini huko, gari nitawatafutia.

Ile ripoti yangu ya 2018 bado iko kwenye faili. Niliomba niongezewe ukurasa nikaandika ilivyokuwa, na sahihi yangu.

Mzee yupo, macho yamepungua nguvu. Tuna utaratibu wetu sasa: nikisikia kumenyesha sana Machakos nampigia, na yeye akisikia mto umebadilisha sauti ananipigia, na mara nyingi ananitangulia. Masika yaliyopita nilipiga saa kumi na moja alfajiri, nikasikia mbuzi wanalia nyuma yake. Akasema, "Tushapanda juu, mwanangu. Wewe waambie wa Garashi."

Alhamisi naenda kwake, nafasi kwenye gari ni tatu, anayetaka anione kesho kabla ya saa tatu. Sukari na majani ya chai tunabeba sisi.