Maswali ya Wasomaji: Kabla hujalipia kioo cha mlango wa gari

SWALI: Ndugu wahariri, nina Toyota IST. Limevunjwa kioo cha mlango wa mbele, upande wa abiria, nikiwa nimeliegesha karibu na soko la Majengo. Mafundi watatu wamenitajia bei tatu zinazopishana sana, na kila mmoja anasema wenzake ni wababaishaji. Niwaulize nini kabla sijatoa hela?
Msomaji, Ipagala, Dodoma

JIBU: Bei zikipishana hivyo, aghalabu mafundi hawauzi kitu kimoja. Mmoja anahesabu kioo kipya, mwingine kioo cha mtumba kilichotolewa kwenye gari lililochinjwa, na wa tatu huenda hana kioo chochote. Akishapokea hela yako ndipo ampigie mtu wa Gerezani, Kariakoo, kisha msubiri basi. Njia zote hizo ni halali, ila kila moja ina hatari yake. Anza hivi: kioo kipo, nikione? Ni kipya au cha mtumba? Kama kinaagizwa, kikifika kina ufa au hakiingii, hasara ni ya nani?

Hilo la hasara liandikwe kabla mzigo haujapakiwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita 450 hivi, na kioo cha mlango, kigumu usoni, ni dhaifu ukingoni. Kikigongwa pembeni kinaweza kusambaratika papo hapo, au kikabaki na kidonda kidogo na kuja kulipuka siku nyingine ukibamiza mlango juani. Kisafirishwe kikiwa kimesimama, kingo zote zimefungwa katoni nene, bila mzigo juu yake. Ukikipokea stendi ya Nzuguni, kifungue palepale na upitishe kitambaa ukingoni. Kitambaa kikinasa, pana jino, usisaini.

Kabla ya hayo yote, lijue gari lako. "IST" peke yake haitoshi. Ile ya kwanza, ya mwaka 2002 hadi 2007, ina chesisi inayoanza na NCP60, NCP61 au NCP65. Iliyofuata inaanza na NCP110, NCP115 au ZSP110, na vioo vya milango yao haviingiliani. Wenye Noah nao wana mtego huohuo kati ya AZR60 na ZRR70. Soma namba ya chesisi kwenye kadi ya gari na umpe fundi yote. Ukiongea kwa simu usiseme "upande wa abiria", maana nyuma abiria hukaa pande zote. Sema: mlango wa mbele, kushoto, ukiwa umekaa ndani unatazama mbele.

Kisha piga picha muhuri ulio kwenye kona ya kioo cha mlango wa pili, ule mzima. Humo utakuta alama ya mtengenezaji na mara nyingi neno TEMPERED, yaani kioo cha tempa, kilichopashwa moto mkali na kupozwa ghafla kwa upepo ili kikivunjika kiwe chembe butu. Ukikuta LAMINATED, gari lako lina kioo cha leya mbili zenye plastiki katikati. Baadhi ya magari ya bei kubwa huvitumia kwenye milango ya mbele ili kupunguza kelele. Usibadilishe aina moja kwa nyingine. Unene hautakuwa sawa, na raba za mlango zimekatwa kwa unene wake. Vioo vingi vya pembeni vina kati ya milimita 3 na 5, na nusu milimita ikipungua utausikia mlango ukigongagonga kwenye rasta za Kizota. Alama ya 43R, ikiwepo, inarejea kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari. Kioo cha mtumba chenye alama zilezile za kile kilichovunjika, na kingo safi, sisi tungekichagua kuliko kipya kisicho na muhuri.

Angalia pia rangi. Vioo vya mbele vingi vina ukijani hafifu, na vya milango ya nyuma kwenye magari mengi ya Japani ni vyeusi tangu kiwandani, weusi ulio ndani ya kioo chenyewe. Ukiwekewa cheupe nyuma kisha kikabandikwa tinti, kitaonekana kiraka kila ukisimama kwenye taa.

Sasa twende ndani ya mlango, maana huko ndiko kazi nzuri na mbovu hutofautiana, na huko ndiko wateja wasikouliza. Kioo cha tempa kikivunjika, sehemu kubwa ya chembe huanguka tumboni mwa mlango. Zisipotolewa hukwaruza kioo kipya kinaposhuka, hunasa kwenye mashine ya kioo, na huziba matundu ya kutolea maji yaliyo chini kabisa ya mlango. Muulize fundi: una vakyumu? Akisema ataupiga mlango ngumi zidondoke, tafuta mwingine. Vakyumu ipite pia ndani ya reli za raba, kwenye reli za kiti na chini ya zulia.

Uliza kuhusu nailoni. Ukivua kava la mlango utakuta shuka ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Mafundi wengi huichana, wengine huitupa, kwa kuwa haionekani. Kazi yake ni kuzuia maji na vumbi visiingie ndani ya gari, na kwa vumbi la Dodoma kuanzia Juni hadi Oktoba utaijua thamani yake mapema. Kwenye baadhi ya magari, sensa ya mfuko wa hewa wa pembeni husoma badiliko la mgandamizo wa hewa ndani ya mlango. Mlango wenye shuka iliyotoboka huweza kuipotosha. Kwa sababu hiyohiyo, soketi za njano za umeme zisichomolewe wala kupimwa kwa taa ya majaribio. Njano ni alama ya mifuko ya hewa.

Mashine na mota zijaribiwe kabla kioo hakijafungwa. Mwizi aliyekivuta kioo kwa nguvu huenda alipinda mkono wa mashine, na hilo usiligundue umeshalipa. Muulize pia kama ana klipu za akiba. Kava likirudishwa na klipu nusu, mlango utapiga kelele mpaka uuze gari. Kwenye Toyota nyingi kioo hushikwa na bolti mbili za spana namba 10, na kati ya chuma na kioo pana vibushi vya plastiki au raba. Vibushi vikisahaulika, au bolti zikakazwa kwa hasira, kioo hupasuka kuanzia kwenye tundu lake. Zikazwe kwa spana ndogo, kidogo kidogo kwa zamu, kioo kikiwa kimepandishwa na kukaa sawa kwenye reli.

Mlango wa kawaida huchukua saa moja hadi mbili. Anayeahidi dakika kumi na tano ameshaamua kuruka vakyumu.

Kabla ya kumaliza kulipa, pandisha na shusha kioo mara kadhaa injini ikiwaka, kisha bana kipande cha karatasi kati ya kioo na raba na ukivute, sehemu tatu au nne. Kila mahali uhisi mshiko. Funga mlango, mwaga ndoo ya lita kumi kutoka juu, tazama chini: maji yatiririke kupitia matundu ya mlango, zulia libaki kavu. Dhamana ya kioo kutovunjika hakuna anayeitoa, lakini dhamana ya ufundi, yaani kuvuja, kelele na kudondoka, iandikwe kwenye risiti pamoja na muda wake. Omba risiti ya mashine ya EFD.

SWALI: Fundi wa vioo vya nyumba hapa kwetu anasema anaweza kukata kioo cha milimita 4 kwa kipimo cha mlango wa pikapu yangu, na bei yake ni ndogo sana. Kuna ubaya?
Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Upo, na ni mkubwa. Kioo cha dirisha la nyumba kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha, na kwenye mlango wa gari vipande hivyo viko usawa wa shingo yako. Kioo cha tempa hakikatiki wala hakitoboki baada ya kutengenezwa. Ukikigusa kwa almasi ya kukatia kinasambaratika chote. Kwa hiyo fundi yeyote anayekata kioo cha mlango mbele yako hakati cha tempa. Aidha kioo cha gari kina mpindo, hata kama macho hayauoni, na cha bapa hakitakaa kwenye reli.

Wapo wanaokata kutoka kwenye kioo cha mbele kilichotolewa kwenye gari jingine. Hicho ni cha leya mbili, hakitakukata kama cha dirisha, lakini kingo zake zilizobaki wazi hunyonya unyevu na kuanza kufanya mawingu meupe, na mpindo wake si wa mlango wako.

Ukitaka kuhakiki kioo usichokiamini, vaa miwani ya jua ya kupunguza mng'ao, ile inayochuja mwanga, na ukitazame asubuhi au jioni anga ikiwa bluu. Kwenye cha tempa mara nyingi utaona madoadoa au mistari hafifu, ambayo ni alama ya upepo uliokipoza. Cha kawaida hakina.

SWALI: Nimebadilisha kioo cha dereva. Sasa nikibonyeza cha kupanda chenyewe, kinafika juu halafu kinarudi chini. Fundi anataka kuniuzia mota.
Msomaji, Kondoa

JIBU: Usinunue mota bado. Vioo vinavyopanda vyenyewe vina ulinzi wa kidole: mfumo ukihisi ukinzani usioutarajia, hugeuza. Betri ikichomolewa, au kioo na mashine vikibadilishwa, mfumo husahau mwisho wa safari ulipo, au hukuta raba zinabana tofauti. Kwenye Toyota nyingi dawa ni kuufundisha upya: washa swichi ya gari, shusha kioo hadi nusu, vuta swichi yake mpaka kifike juu kabisa, na uendelee kuishikilia sekunde kadhaa. Taa ndogo ya swichi iliyokuwa inapepesa hutulia. Kitabu cha gari kina utaratibu kamili wa gari lako.

Kikiendelea kurudi, chunguza reli za raba. Vumbi na chembe za kioo ndizo wakosaji wa kwanza. Zisafishe kwa kitambaa chenye maji, zikauke, kisha pulizia silikoni ya kupuliza. Grisi na oili ya injini hapana: huvimbisha raba na kushika vumbi zaidi. Na ukikijaribu kioo mara nyingi mfululizo kikakoma kabisa, subiri kidogo. Mota nyingi zina kizuizi cha joto ndani yake, na zikipoa huendelea.

SWALI: Tangu kibadilishwe kioo, kila mvua ikinyesha zulia la nyuma ya dereva linalowa. Raba za juu ni nzima.
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Raba za juu hazikuundwa kuzuia maji yote. Maji huingia ndani ya mlango kila mvua, na hutoka kwa chini. Zulia likilowa, ama matundu yameziba, ama nailoni imechanika au imebandikwa ovyo, maji yakapita nyuma ya kava. Chokonoa matundu kwa waya laini wenye ncha butu kwanza, ni bure. Maji yakizidi kuingia, vua kava: gundi nyeusi iliyoshika vumbi haishiki tena, iondolewe na kuwekwa mpya kuzunguka shuka nzima, bila kuacha nafasi chini. Fanyeni hivyo kabla ya Desemba.

SWALI: Noah yangu kioo cha pembeni nyuma, kisichofunguka, kimebandikwa kwa silikoni ya bafuni. Kimeanza kucheza.
Msomaji, Manyoni

JIBU: Kitoke chote kibandikwe upya. Vioo visivyofunguka hushikwa kwa gundi maalumu ya polyuretheni, pamoja na praima yake kwenye bodi na kwenye kioo. Silikoni yenye harufu ya siki huweza kuanzisha kutu kwenye bati lililokwaruzwa, na mabaki yake huizuia gundi halisi kushika, hivyo fundi ayakwangue yote. Gundi hiyo hukauka kwa unyevu wa hewani, takriban milimita 3 hadi 4 kwa saa 24 penye unyevu wa wastani. Kiangazi cha Singida na Dodoma ni kikavu, kwa hiyo mpe muda zaidi ya ulioandikwa kwenye mkebe. Siku mbili za mwanzo acha kioo cha mlango wazi kidogo, ili hewa ya mlango unaofungwa isikisukume, wala gari lisioshwe kwa presha.

SWALI: Bima inalipia kioo cha pembeni?
Msomaji, Chamwino

JIBU: Bima ndogo hailipii kioo chako. Bima kubwa huweza kulipia, lakini mikataba mingine hutaja vioo kwa kiwango maalumu, na mingine hukutaka uchangie kiasi cha kwanza, ambacho kwa kioo kimoja cha mlango kinaweza kuzidi bei yake. Uliza hayo mawili kabla ya kufungua dai. Piga picha kabla hujafagia vipande, chukua ripoti ya polisi ikiwa ni wizi, na usibadilishe chochote mpaka kampuni ikuruhusu. Wakati unasubiri, ziba kwa nailoni, gundi ya karatasi ibane kwenye fremu ya ndani. Ikibandikwa juu ya rangi na kupigwa na jua la mchana, itaondoka na rangi.