Jibu: Suruali kazini, heshima nyumbani

Dada yangu, umeuliza kama kuvaa suruali ofisini hapa Mtwara mjini ni kuwavunjia heshima wazee wako wa Mikindani. Kwa maoni yangu, hapana. Mavazi ya pwani yamekuwa yakibadilika siku zote: Zanzibar, baada ya utumwa kukomeshwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki walijitwalia kanga ili waonekane waungwana, na baibui la kamba la bibi zetu, ambalo binafsi nalipenda mno, limeipisha abaya ya mtindo wa Ghuba. Wazee wengi hutazama stara kuliko aina ya nguo, hivyo chagua suruali pana na blauzi inayofika mapajani. Msibani, tafadhali, jifunge doti ya kanga.