Mtoto wangu anavaa nyeusi

SWALI: Yaya, mkubwa wetu, jambo. Mimi ni mama wa watoto 4, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Kijana wangu wa pili ana miaka 16. Tangu mwezi wa saba amebadilika. Anavaa nyeusi kila siku, hata katika joto hili la mwezi wa kumi, na nywele hataki kunyoa. Mwenzake wa darasani alimwekea kwenye simu nyimbo za Wazungu wanaolia na kupiga kelele. Niliona picha ya mifupa iliyovaa sare ya fanfari, bendi ya tarumbeta na ngoma. Niliona na video ya msichana maiti anayeamka kwenye sanduku, anacheza kanisani. Nikatetemeka. Shuleni wanamwita “emo”. Mdogo wangu anasema tumpeleke kwa pasta mmoja anayefungia watoto siku 3 bila chakula mpaka pepo litoke. Baba yake yuko Kolwezi, hurudi mwisho wa mwezi. Je, hiyo emo ni dini? Alikuwa mtoto mpole sana, ndiye aliyekuwa akimsomea nkambo (bibi) wake Biblia kila jioni mpaka nkambo alipotuacha mwezi wa sita.
Mama wa Katuba

JIBU: Mama, jambo sana. Barua yako nimeisoma mara 3, na mara zote nimekwama kwenye sentensi ya mwisho. Nitairudia.

Kwanza nakuomba usimpeleke mahali pa kumfungia bila chakula. Nimewaona watoto waliotoka huko, na hakuna aliyetoka akiwa na raha. Kama unataka kumwombea, mwombee nyumbani, akiwa ameshiba, mkono wako ukiwa begani mwake.

Emo si dini wala si chama. Ni jina la aina ya muziki wa roki, limekatwa kwenye neno la Kiingereza linalohusu hisia. Ulianzia Washington, mji mkuu wa Marekani, katikati ya miaka ya 1980. Vijana wa huko walikuwa wakipiga panki, muziki wa kasi na hasira, na kumbi zao zikawa mahali pa kupigana. Wachache wakachoka na ngumi. Kiangazi cha 1985 bendi kama Rites of Spring na Embrace zikaendelea na kasi ileile, ila sasa mwimbaji akawa anasema lililomchoma yeye mwenyewe: rafiki aliyeondoka, aibu, majuto. Watu wakawabandika jina hilo. Ian MacKaye wa Embrace alilikataa waziwazi jukwaani, na mpaka leo bendi nyingi zinazoitwa emo hazilipendi. Kwa hiyo mwanao wanapomwita hivyo shuleni, anaitwa jina ambalo hata wenye muziki wao hawakulichagua.

Sasa ile video. Naijua. Ni ya My Chemical Romance, bendi ya New Jersey. Wimbo ni “Helena”, wa albamu yao ya 2004. Sanduku liko mbele ya kanisa, nje mvua inanyesha, watu wameshika miavuli myeusi, na ni kweli marehemu anasimama na kucheza kabla ya kurudi kulala. Ukiitazama bila kujua habari yake, lazima utashtuka. Habari yenyewe ni hii: mwimbaji Gerard Way na ndugu yake Mikey, anayepiga gita ya besi, walikuwa na bibi aliyeitwa Elena. Bibi huyo ndiye aliyemfundisha Gerard kuimba na kuchora. Alipokufa, Gerard alijilaumu kwamba mwaka wa mwisho wa uhai wake yeye alikuwa safarini na bendi, hakuwa karibu naye. Wimbo uliokutisha ni mjukuu anayemlilia nkambo wake.

Soma tena barua yako, mama. Nkambo alikufa mwezi wa sita, nguo nyeusi zilianza mwezi wa saba.

Na ile mifupa ya fanfari ni jalada la albamu yao ya 2006, The Black Parade. Inasimulia mgonjwa wa kansa anayekaribia kufa, na mauti yanamjia kwa sura ya kumbukumbu anayoipenda kuliko zote, siku ya utotoni baba yake alipompeleka mjini kuangalia fanfari. Mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilimkumbuka mjomba wangu. Kwenye mazishi yake fanfari ilitangulia jeneza, tarumbeta moja ilikuwa na pengo kwenye mdomo wake na ilitoa sauti ya mtu mwenye mafua, na hiyo ndiyo sauti iliyonitoa machozi baada ya siku 2 za kukauka macho.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Kwenye kilio chetu wanawake wanalia kwa sauti, wazee wanakaa kwenye moto usiku kucha na kumzungumza marehemu. Kijana wa kiume wa miaka 16 anapewa nini? Anapewa viti vya plastiki abebe. Anatumwa maji. Anatumwa makaa ya kupikia. Anakimbizwa huku na huku siku zote za kilio, na watu wanamsifu kuwa ana nguvu. Kilio kikiisha anarudisha viti kwa wenyewe, Jumatatu yuko darasani. Mwanao alimsomea nkambo Biblia kila jioni. Jioni hizo sasa anazifanyia nini? Naona amepata watu wa mbali wanaolia kwa sauti kubwa, akakaa nao.

Hofu yako si ya kwako peke yako. Mwaka 2008, mwezi wa tatu, katika mji wa Querétaro kule Meksiko, umati ulivamia vijana wa emo na kuwapiga kwa sababu ya nywele zao na nguo zao. Mwaka huohuo, mwezi wa tano, mashabiki wa My Chemical Romance walisimama London mbele ya ofisi za gazeti lililoandika kwamba muziki huo unafundisha watoto kufa. Wengi walikuwa wa umri wa mwanao. Walikuja kusema kwamba nyimbo hizo ndizo zilizowashika wasianguke. Mimi nawaamini.

Lakini huzuni ina mpaka wake, na hapa sitaki kukubembeleza. Kama hali chakula wala halali usingizi, kama ameacha marafiki wote, kama anaficha mikono na ukaona majeraha, au kama anasema maisha hayana maana, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, usingoje baba yake atoke Kolwezi. Na usiogope kumwuliza kwa maneno yaliyo wazi kama anafikiria kujidhuru. Swali hilo halimpandi mtu wazo, humpa mlango wa kusema.

Kama hayo hayapo, fanya hivi. Usiku mmoja umeme ukikatika, wadogo wakilala, kaa naye barazani. Mwambie akuwekee “Helena”. Sikio moja lako, sikio moja lake. Mwache akutafsirie maneno, neno kwa neno, hata kama itachukua saa nzima. Ukiisha kusikia, msimulie jambo moja la nkambo ambalo hajawahi kulisikia, la zamani, kabla hajazaliwa. Nywele zinaweza kungoja.

SWALI: Linkin Park na Simple Plan ni emo au si emo? Tumebishana hapa Kamalondo tangu Jumapili.
Vijana 5

JIBU: Linkin Park si emo, ni bendi ya California iliyochanganya rap na metali, yaani roki nzito, ingawa sauti ya Chester Bennington ilikuwa na kidonda kilekile. Simple Plan ni wa Montreal, mji wa watu wanaosema Kifaransa kama sisi, na muziki wao ni panki yenye melodia tamu. Mashabiki wa emo waliwakumbatia, ndiyo maana mnawachanganya.

SWALI: Yaya, nina miaka 20, niko Kampemba. Tuko watu 3, gita 2 na ngoma, tunaimba Kiswahili nyimbo za namna ya emo. Kila mahali tunaambiwa tupige sebene, gita ya kasi ya kucheza dansi, au tuondoke. Hao wa Marekani waliishije? Na je, ni kweli emo imekufa?
Mpiga gita

JIBU: Mdogo wangu, waliishi kwa barabara. Jimmy Eat World, bendi ya Mesa, Arizona, walitoa albamu nzuri mwaka 1999, kampuni yao ikawaacha. Walirudi kwenye vibarua, wakalipia wenyewe kurekodi albamu iliyofuata, ikatoka 2001, na wimbo mmoja humo, “The Middle”, ukapanda hadi nafasi ya 5 Marekani. Kila kiangazi, tangu 1995 hadi 2018, kulikuwa na msafara wa Warped Tour, bendi kwa makumi zikipiga mchana kwenye viwanja vya kuegesha magari, kisha wanamuziki wanasimama wenyewe mezani kuuza fulana zao. Paramore walianza Tennessee mwaka 2004 wakiwa bado watoto, wamegombana, wamepoteana, wengine wamerudi, na mwaka 2024 wakachukua tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki. My Chemical Romance walivunjika 2013, wakarudi jukwaani Los Angeles mwezi wa 12, 2019. Muziki uliokufa haurudi hivyo.

Ila habari ninayoipenda zaidi ni ya bendi ya American Football. Walikuwa wanafunzi watatu wa chuo kikuu huko Illinois. Mwaka 1999 walitoa albamu moja, kisha kila mtu akashika njia yake. Karibu miaka 15 walikaa kimya, wakati vijana wa nchi mbalimbali wakipeana nyimbo zao. Waliporudi 2014 walikuta watu wanawangoja. Sikiliza gita zao. Hazichapwi, zinachunwa noti moja moja na kupokezana. Nilipowasikia nilisema, mkono huu naujua. Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wa kwetu Katanga, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 hapo Likasi, siku hizo ikiitwa Jadotville, akipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, na gita moja ikasikika kama mbili. Katanga yetu ina haki ya gita inayolia polepole. Anayewaambia sebene tu amesahau wazee wake. Na ng’ambo ya mpaka, Zambia, bendi ya WITCH walipiga roki ya gita kali miaka ya 1970, wakanyamaza. Mwimbaji wao Jagari akaenda kuchimba vito, na mwaka 2023 jina hilo likatoa albamu mpya.

Kwa sasa msingoje baa. Pigeni kwenye uwanja wa mmoja wenu, vijana 20 wanatosha kwa siku ya kwanza.

Na kama gita zenu zinahitaji fundi, mnajua nilipo, hapa mjini kwenye komini ya Kenya. Nikiri jambo. Miaka 2 iliyopita kijana mmoja aliniletea gita ambayo daraja lake limebanduka. Nikaligundisha vizuri. Nikaona nyuzi zimelegezwa ovyo, nikazirudisha kwenye sauti za kawaida za gita, mi la re sol si mi, nikiona namfanyia hisani. Alipokuja alipiga mara moja, akainua macho, akasema, “Yaya, umenifutia wimbo.” Alikuwa ametafuta ule mpangilio wa nyuzi kwa sikio majuma mengi, na hakuuandika popote. Tulikaa naye mpaka giza tukiutafuta, uzi kwa uzi, tukapata tano. Wa sita haukurudi.

Njooni Jumamosi. Nina daftari, nitaandika kila uzi uliposimama kabla sijagusa kitu.